Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walimwonya kwa methali hii mfanyabiashara anayekopesha bila kuandika, lakini onyo lao linamfaa pia mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi mbili, moja kuukuu na nyingine mpya, akisubiri faili zitoke huku ziende kule. Aghalabu mtu huyo hudhani kwamba kazi yake ni kusubiri tu. Waya umeunganishwa, mstari wa kijani unasogea kiooni, na mashine yenyewe itatangaza itakapomaliza. Ikishatangaza, ile kuukuu hufutwa, huuzwa au hutupwa. Hapo ndipo mali inapopotea, kwa kuwa zilizohesabiwa ni faili, wala si yaliyomo ndani ya faili.

Kuhama kwenyewe hakuepukiki. Diski laini ya inchi tatu u nusu, iliyojulikana sana maofisini kwa jina la flopi, ilibeba megabaiti 1.44 tu, kuijaza gigabaiti moja kungehitaji diski karibu 700. Mwaka wa 1998 kampuni ya Apple ilitoa tarakilishi ya iMac isiyo na tundu la diski hiyo. Mwaka wa 2000 flashi zikaanza kuuzwa, na mwaka wa 2011 kampuni ya Sony ikaacha kuuza flopi nchini Japani. Aliyehifadhi tasnifu yake katika diski mwaka wa 1995 alifanya lililokuwa la busara wakati huo. Chombo ndicho kilichozeeka kabla ya maneno yaliyomo.

Isitoshe, mashine inayohamisha hainakili kila kitu kwa uaminifu ule ule. Katika mfumo wa Windows, faili inaponakiliwa hupewa tarehe mpya ya kuundwa, ilhali tarehe ya kurekebishwa mara ya mwisho hubaki ile ya zamani. Matokeo yake ni kioja: faili inayodai kwamba ilirekebishwa miaka mingi kabla ya kuzaliwa kwake. Msomi wa miswada atakayekuja kesho kuuliza shairi fulani liliandikwa lini ataulizia mlango uliokwisha kufungwa.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mhadhiri mmoja mstaafu wa Mombasa alikuwa na mashairi ya marehemu mamake, ambayo bibi huyo aliyatunga na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu katika madaftari ya shule. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwana aliyapiga chapa yote katika tarakilishi yake kwa hati ile ile. Baadaye mchwa waliingia kabatini, na madaftari yakaisha. Tarakilishi ikawa ndiyo nakala ya pekee.

Alipopata kipakatalishi kipya, mpwa wake alikuja kumhamishia faili. Tarakilishi kuukuu haikuitambua flashi, kwa hiyo kijana aliitoa diski kuu na kuiunganisha kwa waya maalumu. Kazi iliisha kabla ya magharibi. Folda ya mashairi ilipofunguliwa, kurasa zilijaa herufi za Kirumi zisizosomeka, zimechanganyika na alama za dola na mabano.

"Mjomba, hizi zimeingiwa na virusi," kijana alisema. "Nizifute?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Tarakilishi kuukuu ilikuwa tayari barazani, ikimsubiri mnunuzi wa vyuma. Walirudisha diski mahali pake, wakaiwasha, na mashairi yakajitokeza kwa hati ya Kiarabu, mstari kwa mstari, kama yalivyoandikwa. Hapakuwa na virusi vyovyote.

Sababu yake yaelezeka. Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya kila hati namba yake yenyewe, ulitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, lakini ulichukua miaka mingi kuenea. Kabla ya hapo, baadhi ya watengenezaji wa fonti waliazima namba za herufi za Kirumi na kuzivika maumbo ya Kiarabu. Tarakilishi ilihifadhi namba ya herufi moja. Fonti ndiyo iliyochora nyingine. Fonti ikikosekana, vazi huvuliwa na msomaji hubaki na namba tupu. Kijana aliitafuta fonti katika diski ya zamani, akainakili, na mashairi yakasomeka upya.

Hata hivyo kazi haikuwa imekwisha. Faili zilikuwa na majina kama "sh7" na "sh7b". Ipi ilikuwa kauli ya mwisho ya mtunzi? Shairi lipi lilikuwa la harusi, na lipi lilikuwa jibu kwa jirani? Kwa jioni tatu mjomba alisema na mpwa akaandika. Palipokuwa na shairi ambalo mjomba mwenyewe hakumbuki lilimlenga nani, alimpigia simu dadake mkubwa. Dada hakueleza tu. Aliliimba, na mahadhi yake yakajulisha kwamba lilikuwa la kumwongoa mtoto. Habari hiyo haikuwamo katika tarakilishi yoyote.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kupitia njia hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka wa 1840, na tungo zake nyingi zilibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuziandika, akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzielewa. William Hichens alizitoa kwa hati ya Kirumi mwaka wa 1940, na Mohamed Abdulaziz akazichapisha pamoja na uchambuzi mwaka wa 1979. Katika kila hatua chombo kilibadilika: kinywa, hati ya Kiarabu, hati ya Kirumi, kitabu. Kwa kuwa hati ya Kiarabu ilivyotumiwa zamani haikutenganisha sauti zote za Kiswahili, neno moja liliweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Aliyeyajua maneno yenyewe na visa vya mji ndiye aliyeziba pengo hilo.

Alhasili, mashine huhamisha alama, na mtu huhamisha maana. Uhamisho wa kwanza huchukua saa moja. Wa pili unahitaji mwenye mali akiwa hai na msikilizaji aliye radhi kuketi. Katika kabati za wahadhiri na wazee wa Pwani na bara mna kanda, flopi na diski za utafiti wa nyanjani ambazo wenyewe bado wanaweza kuzieleza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeombwa na mwalimu wake amsaidie "kuhamisha vitu vichache" asibebe flashi peke yake. Na abebe daftari, aulize kila faili ni ya nani, ya lini, na ilisemwa kwa sababu gani. Mashine kuukuu isitoke nyumbani kabla daftari hilo halijajaa.