Kalemie: Kijana anataka kuruka, baba anauliza sheria

Kila mara ndege inapopita juu ya makao ya wakimbizi wa ndani karibu na mji wa Kalemie, kijana mmoja wa miaka 16 anatoka nje na kuihesabu. Baba yake pia anatoka, ila kwa sababu ingine: kuona kama mtoto angali pale.

Familia hiyo ilikimbia kijiji wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba. Juma lililopita, mtu mmoja alipita akiandika majina ya vijana. Alisema watafundishwa kazi ya ndege jeshini. Kijana akatoa jina lake. Mama alinyamaza, kwa kuwa chakula ni kidogo nyumbani. Baba akakataa.

Alikuwa amesikia redioni sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto. Inakataza kumwingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi ama kikundi cha silaha. Anayeivunja anaweza kufungwa miaka 10 hadi 20. Kifungu cha 190 cha Katiba nacho kinakataza mtu yeyote kuweka vijana wenye silaha.

"Lakini Papa, Uingereza wanafundisha watoto kuruka," kijana alisema.

Mwalimu jirani alijibu kwamba ni kweli, lakini wale si askari, na serikali inawachunga. Mwaka 2014, ndege zao zisizo na injini zilisimamishwa kwa sababu usalama wake haukuwa umehakikishwa. Huku kwetu, tarehe 10 Oktoba 2019, Antonov 72 ya kazi ya jeshi iliondoka Goma kwenda Kinshasa, haikufika. Kifungu cha 188 kinaweka jeshi chini ya mamlaka ya kiraia. Kwa hiyo serikali na bunge ndio wa kuuliza nani anarusha, nani anafundisha.

"Maliza shule kwanza, shika hesabu," mwalimu alimwambia. "Ukifika miaka 18, utaamua mwenyewe."

Baba alienda kwa kamati ya makao, akaomba jina lifutwe. Likafutwa. Siku mbili kijana hakumsemesha.

Siku ya tatu ndege ilipita tena. Wote wawili walitoka.

"Ya ngapi leo?" baba aliuliza.

"Ya pili, Papa."