Kabla na Baada ya Silikoni

Miaka ya themanini, mtu wa Riruta hakupeleka gari gereji eti kwa sababu linavuja oili. Alilipeleka kwa ajili ya breki au klachi, na mjomba wangu akitoka chini yake mgongo mweusi tititi, hakuna aliyeuliza. Gereji yake ilikuwa kiwanja kitupu kando ya Naivasha Road, upande wa Satellite. Magari mengi yaliyoletwa pale yalikuwa Peugeot 504, Datsun 1200 na Land Rover zilizochoka, na yote yalivuja. Dawa ilikuwa kubeba debe la oili kwenye buti na kuchomoa kijiti kila asubuhi. Tena 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na wenyewe walikukumbusha hilo ukithubutu kusema injini yao inachafua uwanja.

Gasketi hatukununua, tulikata. Mjomba aliitandaza karatasi nene juu ya chuma chenyewe, akagonga ukingo polepole kwa kichwa cha mviringo cha nyundo mpaka karatasi ikakatika kwa kufuata umbo. Tundu za bolti alizitoboa kwa gololi ya beringi: anaiweka juu ya tundu, anaipiga mara moja, kipande kinadondoka. Kazi yangu ilikuwa kushikilia isiteleze. Karatasi ikikosekana, boksi la viatu lilitosha, likapakwa grisi. Ile ya kifuniko cha tapeti ilikuwa ya gome laini, lile la kuzibia chupa za mvinyo, na ilikauka kwa joto ikapasuka. Ilipopasuka tulijua, kwa sababu injini ilikuwa na nafasi ya kuingiza kichwa kizima.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ikalegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni. Mitumba ya Japani ikamiminika kupitia Mombasa: Corolla, Sunny, na baadaye Hiace za matatu. Injini hizi zilikuja na gasketi za raba, zimebanwa kiasi kwamba mkono haupiti, sembuse kichwa. Wakati huohuo tukaijua silikoni, tubu ndogo ya kununua Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan.

Silikoni ilituharibu. Badala ya kuuliza oili inatoka wapi, fundi aliuliza tubu iko wapi. Alipaka juu ya uchafu, alipaka juu ya gasketi nzima, alipaka kwa nje pale alipoona tone. Silikoni hutaka chuma kikavu kisicho na mafuta, na saa kadhaa za kukauka, lakini dereva wa matatu ya njia ya 46 alikupa nusu saa. "Fundi, ziba tu, abiria wananingoja." Ziada iliyojibana kwa ndani ilikatika, ikaanguka kwenye sampu, ikanyonywa hadi kwenye chujio la pampu. Nimefungua sampu za namna hiyo na kukuta chujio limezibwa na nyuzi za silikoni kama minyoo. Injini imekufa kwa kukosa oili, na sampu imejaa.

Aliyetugeuza ni kijana mmoja aliyetoka chuo cha ufundi, aliyekuja kujishikiza kwetu. Gari la kwanza alilopewa lilidondosha oili pale injini inapoungana na giaboksi. Kila mtu alikuwa ameshahukumu: sili ya nyuma ya krenki, teremsha giaboksi. Yeye akaomba mafuta ya taa na brashi, akaosha injini yote, akaikausha, kisha akaenda kioski kununua poda ya watoto na kuinyunyiza pande zote.

"Sasa hii gari mnaipeleka kliniki?" mjomba akauliza.

"Mzee, wacha tuiwashe kidogo kwanza."

Wakaiwasha, wakaizungusha mpaka Dagoretti Corner na kurudi. Poda ilikuwa nyeupe kote isipokuwa mstari mmoja wa kahawia, ulioanzia juu kabisa, pembe ya nyuma ya kifuniko cha tapeti, ukashuka nyuma ya injini hadi kwenye giaboksi. Gasketi moja ya raba ilimaliza kesi. Mjomba hakusema kitu, ila kesho yake alinituma poda.

Tangu hapo tukawa tunaanzia juu. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo alama ya juu zaidi na ya mbele zaidi ndiyo ya kushukiwa. Baadaye tukajifunza kuuliza pia kwa nini imevuja. Sili mpya ikianza kutoa oili baada ya muda mfupi, mjomba alilaumu duka. Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye valvu ndogo ya kupumulia injini: ikiziba, mvuke hukosa njia, shinikizo hupanda na kusukuma oili kwenye kila sili dhaifu. Kwa injini nyingi unaichomoa na kuitikisa. Isipolia ndani, imeganda.

Siku hizi kazi kubwa ni Vitz na Probox, hasa tangu teksi za simu zienee Nairobi. Sheria inaruhusu gari la hadi miaka minane kuingia nchini, kwa hiyo raba nyingi zinafika zimeshaanza kukakamaa. Chini kuna ngao ya plastiki inayokinga oili, na mwenye gari haoni doa hadi taa nyekundu iwake. Tunatia rangi kidogo kwenye oili na kumulika kwa tochi ya zambarau, lakini poda bado ipo rafuni. Cha kuchekesha, injini nyingi za magari haya huzibwa kifuniko cha mbele na gasketi ya tubu tangu kiwandani. Tubu haikuwa na kosa.

Na wewe unayetia oili nzito ya 20W-50 ili kuziba, hujaziba kitu. Usiku wa leo tandaza kadibodi chini ya injini, weka alama gurudumu la mbele lilipo, na asubuhi mpelekee fundi wako hiyo kadibodi kabla hajafungua bolti hata moja.