Wimbo Namba Saba

Kila Mkenya aliyewahi kupanda gari la mtumba kutoka Japani anamjua yule mama wa kwenye dashibodi. Ukiwasha injini tu, anakuambia kwa Kijapani, kwa adabu zote, kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kadi ya barabara za Japani, na wewe uko zako Rongai. Baba alikuwa akimjibu, "Asante mama, twende," na safari inaanza.

Gari letu ni la 2008. Liliingia nchini 2015, kabla ile miaka minane inayoruhusiwa na sheria haijaisha. Lilikuja na skrini ya ramani, na ramani yenyewe ilikuwa Japani tupu, kuanzia Hokkaido hadi Okinawa. Huku kwetu kimshale kilielea tu mahali patupu, hakuna barabara, hakuna jina. Mafundi wengi watakuambia hiyo kitu ni pambo.

Lakini nyuma ya skrini kuna diski kuu, kama ile ya laptopu ya zamani, na haibebi ramani peke yake. Ukiingiza CD, redio inainakili kwenye diski huku ikiicheza. Siku Baba alipogundua hilo alifurahi kama mtoto. Jumamosi kadhaa alikaa garini milango ikiwa wazi, akiingiza CD zake moja baada ya nyingine: Les Wanyika, Super Mazembe, na kwaya za kanisani ambazo huwezi kuzipata popote mtandaoni. Redio haikuyajua majina ya nyimbo hizo, kwa hiyo ilizipa namba, nasi tukazizoea hivyo. "Weka saba," Mama angesema, na sote tulijua ni ipi. CD zenyewe Baba aligawa. Za nini tena?

Baba alifariki 2021. Mwaka jana skrini ilianza kuchelewa kuwaka, kisha ikagoma kabisa na kuonyesha maandishi ya Kijapani. Niliyapiga kwa kamera ya simu, yakatafsirika: diski haisomeki. Ukitega sikio uliisikia, tik, tik, tik, halafu kimya.

Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani inayozunguka, yetu mara 4,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa hewa tu, kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele. Sasa chukua kitu kama hicho ukipitishe kwenye matuta na mashimo yetu kila siku, kwenye jua la mchana na baridi ya Julai. Ajabu si kwamba ilikufa. Ajabu ni kwamba ilidumu.

Fundi wa kwanza, pale Luthuli, hakutaka mambo mengi. "Boss, toa hii kitu. Weka Android, utapata YouTube, utapata ramani ya Nairobi." Kuhusu ramani alikuwa na haki. Lakini nyimbo zilikuwa zimehifadhiwa kwa mtindo unaoeleweka na redio ile peke yake. Hata ukizihamisha kwa kompyuta, hazichezi. Njia iliyobaki ilikuwa kunakili diski nzima jinsi ilivyo, Japani yote pamoja na Baba, kwenye diski nyingine, kisha kuirudisha kwenye redio ileile.

Fundi wa pili aliishika diski sikioni, akatikisa kichwa. "Usiiwashe tena ovyo. Kila ukiiwasha unakula siku zake." Nyingine hufungwa kwa neno la siri; bahati nzuri, yetu haikuwa imefungwa. Aliiunganisha na kompyuta na kuanzisha ddrescue, programu ya bure ambayo huanza na sehemu zilizo salama, huruka zile mbovu, kisha huzirudia baadaye kidogo kidogo. Haiandiki chochote kwenye diski inayokufa. Inasoma tu, na kuweka kumbukumbu ya ilipofikia ili diski ipumzike.

Gigabaiti 40 zilichukua usiku tatu. Kila asubuhi Mama alipiga simu: "Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka, Mama. Tumefika themanini kwa mia."

Mwishowe tulipata karibu kila kitu, isipokuwa megabaiti chache. Fundi akaiweka nakala kwenye SSD isiyo na kinachozunguka ndani, kwa adapta ya pini 44, tukairudisha garini. Japani ikawaka. Mama aliketi kiti cha abiria, mkoba mapajani, akasema, "Weka saba."

Ilicheza. Katikati ya kiitikio ikanyamaza kama sekunde nne, pale ambapo diski haikusomeka. Mama hakunyamaza. Aliendelea kuimba, na wimbo uliporudi ulimkuta mahali pake.

Sasa kaka yangu anataka gari liuzwe, na hesabu zake ni za kweli: bima, matairi, gia inayoanza kusumbua. Sijabishana naye. Nimemwomba miezi mitatu. Nyimbo hazitoki kama faili, lakini sauti inatoka, kwa hiyo nimeunga waya kutoka spika za gari hadi kwenye kinasa sauti, na kila jioni nikitoka kazini nakaa humo nikirekodi, wimbo mmoja kwa urefu wake. Ziko 312. Juzi nilifika arobaini na moja.