Siku kompyuta ilipomtetea mpwa wangu

Dadangu mkubwa anaishi Ruiri, kule Meru. Likizo ya Agosti nilimtembelea nikiwa na kompyuta yangu na, nikiri, hamu ya kujigamba.

Fundi wa kompyuta kazini alikuwa amenifundisha kuandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya nyingine. Lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo mafundi huliita teminali, nililidhani la maandishi meupe tu. Kumbe! Zamani lilikuwa na rangi nane, baadaye zikafika 256. Siku hizi mengi hupokea nambari tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Piga hesabu, msomaji, utapata rangi 16,777,216. Skripti huchapa nafasi moja tupu yenye rangi, hubadilisha nambari kidogo, huchapa nyingine, hadi mstari ujae.

Baada ya mukimo nikaiwasha. Katika ukanda wa kwanza nyekundu ilikuwa ikishuka kutoka 255, kijani ikipanda kutoka 0, na buluu ikibaki 0. Watoto wakashangilia. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19 anayesomea umeme katika chuo cha ufundi, akainama karibu.

"Anko, hizo rangi nyingi ziko wapi? Mimi naona kahawia tu. Huku giza, huku mwanga."

Nilidhani anatania. Dadangu hakucheka. Huyu ndiye mtoto aliyechapwa kila msimu kwa kuchuma nyanya mbichi na kuacha zilizoiva. Mzembe, tulisema. Nami nilisema.

Nikabadilisha nambari ili buluu ipande. Hapo alisoma ukanda wote bila kusita. Nikarudisha nyekundu na kijani, nikazifanya zilingane mwanga kadiri nilivyoweza. Akashindwa kabisa kuonyesha moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Ndipo nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa akituuliza sokoni kama nyanya ni nyekundu. Tulidhani anatujaribu akili. Hali hii kwa kawaida hupitia kwa mama: baba hampi mwanawe wa kiume, ndiyo maana mimi nimesalimika, lakini humpa kila binti, naye binti huibeba bila kujua na anaweza kumpa mwanawe.

Skripti si daktari. Juma lililofuata tulimpeleka mpwa wangu kwa daktari wa macho, akamfungulia kile kitabu cha vidoa vya rangi alichobuni Mjapani Shinobu Ishihara mnamo 1917. Kurasa nyingi kijana hakuona tarakimu yoyote.

Kilichonitia baridi ni kazi anayosomea. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa laivu ni mwekundu na wa ethi ni wa kijani. Alikiri kwamba darasani alikuwa akichungulia waya za jirani. Sasa amemweleza mwalimu wake, na hagusi waya kabla ya kuupima kwa testa.

Skripti aliibakisha. Usiku ule alikaa peke yake akibadilisha nambari, akiandika kwenye daftari mahali macho yake yanapoanza kuona tofauti. Dadangu alimtazama kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Na nyanya zile," aliniuliza polepole, "nilikuwa namchapia nini?"