Mche Huhamishwa na Udongo Wake

Neno tulilo nalo si kubwa machoni pa watu wengi, maana ni habari ya mtoto wa miaka mitano na siku yake ya kwanza shuleni. Lakini siku ile nusura itunyang'anye mtoto, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Basi twalieleza wazi, ili mwenzetu atakayehamia ugenini na watoto wadogo asilirudie.

Darasa la watoto wadogo lina majina mengi kwetu. Wako walioliita vidudu. Wengine husema chekechea. Vitabu vya Serikali huliita darasa la awali. Zamani wengi waliliona kuwa mahali pa kuchezea tu: mtoto akienda, vema, asipokwenda, vema vile vile. Sasa sivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja, mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 5. Tena tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, kuanzia awali hata kidato cha nne. Mlango u wazi. Shida iliyobaki ni namna ya kumpitisha mtoto mlangoni, hasa mtoto mgeni.

Sisi ni katekista, na maisha ya katekista ni kama ya askari: akiambiwa nenda, huenda. Tulikuwa tumekaa Ifakara miaka mingi. Mwanetu alizaliwa huko, akalelewa zaidi mgongoni mwa bibi yake kuliko mikononi mwetu. Siku chache baada ya Noeli tukaagizwa kuhamia Uchindile. Tulifunga vyombo, tukaagana na bibi, tukapanda gari la moshi la TAZARA.

Reli hiyo wengi wenu mwaijua. Ilijengwa kwa msaada wa Wachina tangu mwaka 1970 hata 1975, na urefu wake ni kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia. Toka Ifakara hufuata uwanda wa Kilombero, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kuume. Ikiisha kupita Mlimba huanza kupanda milima, ikipenya gizani mwa mahandaki na kuvuka mabonde kwa madaraja marefu. Kila tulipoingia gizani mwanetu alitushika shati kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Baba, reli hii ikirudi nyuma hufika kwa bibi?" Tukamjibu, "Ndiyo, hufika." Jibu lile lilikuwa kweli, na baadaye lilikaribia kutuponza.

Uchindile si Ifakara. Ifakara ni nchi ya joto na mpunga. Uchindile ni nchi ya baridi na ukungu, na tangu miaka ya 1990 vilima vyake vingi vimepandwa misindano na mikaratusi. Mwanetu alizoea wali na samaki wa mtoni. Huku alikuta ugali na maharage. Alizoea kucheza na watoto wasemao Kiswahili na Kindamba; huku watoto walimkimbilia wakisema, "Kamwene!" naye hakujua kuwa ni salamu. Alidhani wamemtukana, akajificha nyuma ya mlango. Sisi tulicheka. Leo twaona kuwa haikuwa jambo la kuchekwa.

Mwezi wa Januari shule ilifunguliwa. Mama yake alikuwa amelala na homa, kwa hiyo sisi ndio tuliompeleka. Asubuhi ile ilikuwa na manyunyu. Alivaa sare mpya, kubwa kuliko mwili wake, akatembea kimya, akiufinya mkono wetu. Jirani mmoja, mtu mwenye nia njema, alikuwa ametushauri jana yake: "Katekista, usimuage. Mtoto akiagwa hulia. Mwambie waenda dukani, kisha jiendee zako, atasahau." Shauri lile lilitupendeza, maana lilikuwa jepesi.

Tulimkuta mwalimu mmoja na watoto wapatao sitini, nao wote wapya wakilia kwa sauti zao mbalimbali. Hatumlaumu mwalimu yule hata kidogo; mtu mmoja hana macho sitini. Mwanetu akatuuliza, "Baba, waenda wapi?" Tukamwambia, "Twaenda dukani kununua chumvi, tutarudi sasa hivi." Akakubali. Akaketi pembeni mwa mkeka, akageuza uso kutazama mlango. Tukatoka upesi tukashika kazi zetu, tukafurahi kwamba hakulia.

Adhuhuri watoto walirudi majumbani, wa kwetu hakurudi. Tulikwenda shuleni; mwalimu akasema kwa mshangao kuwa mtoto aliwaambia wenzake, "Baba ananingoja," akatoka, naye alidhani tumekuja kumchukua. Tulikwenda dukani, mwenye duka akasema, "Alifika hapa asubuhi, akachungulia ndani, akaondoka bila kununua kitu." Hapo magoti yetu yalilegea. Mama yake aliamka kitandani na homa yake. Majirani waliacha majembe. Wengine walishuka mtoni, wengine waliingia katika msitu wa misindano wakimwita kwa jina. Katika ukungu sauti haiendi mbali, ndugu zangu. Tuliita tukaitika wenyewe.

Alipatikana alasiri. Mama mmoja afanyaye kazi katika kitalu cha miche ya miti alimkuta juu ya reli, anaruka toka taruma hata taruma, viatu mkononi, akielekea upande wa Mlimba. Alimtoa relini, akamvika kitenge chake, akampa kiazi cha kuchoma, akamketisha kitaluni hata watu wakafika. Tulipomwuliza mwanetu alikokuwa akienda, alijibu pasipo kulia: "Ulisema waenda dukani. Nikaenda dukani, hukuwako. Nikajua umepanda gari la moshi, umerudi kwa bibi, umeniacha. Nikakufuata."

Wapenzi wasomaji, mtoto yule hakupotea kwa upumbavu. Alifikiri sawasawa kabisa. Aliamini maneno yetu yote mawili: lile la kweli kwamba reli hufika kwa bibi, na lile la uongo kwamba tu dukani. La uongo ndilo lililomtoa darasani, na la kweli likamwonyesha njia ya hatari. Sisi tunaowafundisha watu kila juma kwamba kusema uongo ni dhambi, tulikuwa tumeuita uongo wetu hekima ya kulea.

Mama yule wa kitalu hakutukaripia. Alitutazama kitambo, kisha akasema, "Baba, kazi yetu hapa ni kuhamisha. Mche hukulia ndani ya kiriba, kisha hupelekwa mlimani. Mtu wa haraka huung'oa, akaukung'uta udongo ili uwe mwepesi kubeba. Huo hufa, hata ukipandwa siku ya mvua. Sisi huchana kiriba taratibu, tukaushusha shimoni pamoja na udongo wake. Mizizi hukaa kwanza katika udongo wa zamani, kisha hutoka yenyewe kuutafuta ule mpya."

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa habari za Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Tulilikariri jina lile kwa ajili ya mtihani, kisha tukaliweka. Mama yule pengine hakupata kulisikia, lakini ndiye aliyetufasiria, akiwa na matope hata viwikoni.

Jioni ile tulimketisha mwanetu karibu na moto, tukamwambia, "Mwanangu, leo baba alikudanganya. Nimekosa. Unisamehe." Neno hilo ni zito kinywani mwa baba. Yeye alifikiri kidogo, akasema, "Kesho usiende dukani."

Kesho yake hatukwenda dukani. Tuliketi naye mkekani, miguu yetu ikizidi mahali pake, watoto wakatucheka. Tulimwambia waziwazi: "Baba ataondoka. Mtakunywa uji, mtacheza, mtaimba, na kengele ikilia ya kurudi nyumbani utamwona baba chini ya mti ule." Alilia, na alilia sana. Tukaondoka huku analia, ila safari hii alijua twendako. Kengele ilipolia tulikuwa chini ya mti, na tulikuwa tumefika mapema, maana tuliogopa kuchelewa hata kwa dakika moja. Siku ya pili alilia kidogo. Juma la pili alituambia twende zetu, tusimwaibishe.

Na udongo wake? Mama yake alikata kipande cha khanga kuukuu ya bibi, akakishona ndani ya mfuko wa kaptula yake. Alipoona uzito moyoni alitia mkono mfukoni. Mwalimu naye alifanya jambo moja jema lisilohitaji fedha. Alimketisha karibu na mtoto wa jirani yetu, akamwagiza mtoto yule amfundishe kuamkia Kihehe. Kisha akamwambia mwanetu awaeleze wenzake habari za Mto Kilombero. Watoto wa milimani hawakupata kuona kiboko wala mtumbwi. Mwanetu akasimama, akapanua kinywa chake jinsi kiboko apanuavyo, darasa zima likapiga kelele kwa furaha. Tangu siku ile hakuwa mgeni tena. Alikuwa mwenye viboko.

Basi, kwa yale tuliyojifunza kwa machungu, twathubutu kusema maneno machache.

Enyi wazazi, msimwibie mtoto kwa kumtoroka. Machozi ya kuagana hukauka; mashaka ya kudanganywa hukaa. Mpelekeni aione shule kabla ya siku yenyewe, aijue njia, choo na mahali pa maji, maana mtoto wa miaka mitano huona haya kuuliza. Saa yetu ya ukutani haijui. Mwambieni saa ya mambo ayajuayo: baada ya uji, baada ya wimbo, kengele ikilia. Mkabidhini kwa mtu, mkono kwa mkono, wala si kwa jengo. Na akirudi, msianze kumwuliza amejua herufi ngapi. Mwulizeni aliketi na nani.

Enyi walimu, twajua mzigo wenu. Katika shule za Serikali mtoto wa awali hufundishwa kwa Kiswahili, lakini wengi huja na lugha ya nyumbani tu. Salamu moja ya kwao katika kinywa cha mwalimu ni kama moto asubuhi ya baridi. Tena mtoto asitoke mlangoni ila kwa mtu aliyemleta au aliyetumwa naye.

Na sisi sote wa vijijini tuitazame njia. Miguu midogo, mito iliyofurika na reli havipatani. Ndiyo sababu zikajengwa shule shikizi karibu na makazi ya watu. Katika madarasa 15,000 yaliyotangazwa na Serikali mwaka 2021, 3,000 yalikuwa ya shule za namna hiyo. Palipo mbali bado, wazazi wapokezane zamu za kuwasindikiza watoto. Zamu hiyo ni hasara ya asubuhi moja ya kulima, nasi tumeijua hasara iliyo kubwa kuliko hiyo ilivyokuwa karibu.

Mwanetu sasa yu darasa la pili. Mwezi wa Januari uliopita ilihamia kwetu jamaa nyingine, wenye binti mdogo. Asubuhi ya kwanza binti yule alimng'ang'ania baba yake kizingitini pa darasa. Mwanetu alikuwa akipita na wenzake, akasimama, akamwamkia mtu yule kwa adabu, kisha akamwuliza, "Baba, umemwambia kweli utakapokuwa?" Mtu yule akasema ndiyo, atakuwa chini ya mti kengele ikilia. Hapo mwanetu akamgeukia binti, akamwambia, "Basi twende. Atakuwapo."

Sisi tulikuwa tumesimama hatua chache nyuma yao. Hatukuongeza neno.