Kikaratasi Ambacho Hakikutoka Kiwandani



Sisi tuliokulia Katuba tumeyazoea magari yenye maandishi ya Kijapani. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Zambia, yakaingia kwetu kwa Kasumbalesa, usukani ukiwa kuume katika nchi ambayo watu huendesha kuume. Ubavuni mwa basi dogo bado husomeka jina la duka au la shule ya watoto, ingawa abiria hawalielewi. Wenye magari hawalifuti. Pengine hulipenda kwa kuwa lathibitisha gari lilikotoka.

Gereji tunamojifunzia kazi ililetewa Toyota Celica ya mwaka 1996. Mwenyewe alitaka kuiuza, akatuagiza turejeshe kwanza vibandiko vyote vya kiwandani. Kazi hiyo yadai subira kuliko watu wanavyodhani. Kibandiko cha upepo wa matairi, kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kilikuwa kimebaki nusu. Tulikipima kwa rula, tukakipiga picha, tukakichora upya herufi kwa herufi kwa msaada wa picha za gari jingine la aina hiyo, kisha tukakichapisha na kukifunika kwa plastiki nyembamba isiyopenya mafuta. Kile cha kifuniko cha tangi, kinachoagiza petroli isiyo na risasi, kilitugharimu siku mbili nzima. Tulijiwekea kanuni moja: chochote kisichotoka kiwandani kiondolewe.

Jumamosi moja, tukipangusa grisi karibu na injini, tulikuta kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu. Gereji za Japani hukibandika zinapobadilisha mkanda unaoendesha vali kwa wakati wake, kazi ambayo kwa injini nyingi za zama hizo hufanywa kila kilomita 100,000. Hapo paliandikwa 103,000. Kipimo mbele ya dereva kilionyesha 71,000.

Kulikuwa pia na 19 na 5. Tulidhani ni tarehe 19 Mei, hata mmoja wetu akakumbuka kuwa Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989. Basi mwaka wake wa 19 ni 2007.

Tulimpigia simu mwenye gari. «Wanangu,» alisema, «hicho si cha kiwanda. Mlisema wenyewe mnarejesha vya kiwandani tu. Kitoeni.»

Kwa kanuni yetu alikuwa na haki, na hilo ndilo lililotukera. Mmoja wetu alisema sisi si polisi. Mwingine alisema atakayelinunua atapanda humo na watoto wake. Kisha yule asiye na maneno mengi akauliza: katika magari matatu yaliyotangulia, tulibandua vikaratasi vingapi vya namna hii? Hatukuweza kumjibu. Tulivitupa pamoja na matambara, bila nia mbaya, tukidhani ni uchafu.

Hatukukibandua. Tulimwomba baba huyo aje, naye akaja Jumatatu jioni. Tulimulika kwa simu, tukamsomea tarakimu moja moja. Alizitazama, akaenda kuketi kwenye kiti cha dereva na kukitazama kipimo. Hakutoka upesi.

«Nami niliuziwa hivyo hivyo,» alisema mwishowe. Akatuuliza sisi tungelitoa bei gani. Tukanyamaza. Akaagiza tumalize kazi na tukiache kikaratasi «kwa sasa». Maneno hayo mawili bado yanatusumbua.

Gari liliondoka Jumatano, vibandiko viking'aa, kikaratasi kikiwa mahali pake. Siku hizi, kabla ya kugusa gari lolote, twapiga picha ya kila kilichobandikwa, kiwe cha kiwanda au cha mkono wa fundi. Picha hizo twamkabidhi mwenye gari, na akija pamoja na mnunuzi, twazifungua mbele ya wote wawili.