Kibao cha Shingoni

Kwa sisi watu wa visiwani, ng'ambo huanza pale chombo kinapong'oa nanga. Kwa hiyo nilipopanda boti bandarini Malindi, Unguja, kwenda kusomesha Kiingereza kwa watoto wadogo mjini Babati, mkoani Manyara, nilijiona nakwenda ughaibuni, ingawa safari yenyewe haikuvuka mpaka wa nchi. Umri wangu umepita miaka hamsini, na chuo sikusoma. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa redio za usiku na kwa kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, nakala iliyong'oka jalada. Kwa kamusi hiyo nimetafsiri mashairi ya wengine na kutunga yangu. Lakini ushairi, kama wajuavyo wasomaji wa kurasa hizi, haulipi kodi ya nyumba. Skuli moja ya binafsi ilipotaka mtu mwenye lugha na subira, niliitikia.

Babati ilinipokea kwa baridi. Asubuhi Mlima Kwaraa hujitanda ukungu, na chini yake limelala ziwa lenye viboko. Mimi niliyezoea kuijua saa kwa maji kupwa na kujaa, nilikaa siku kadhaa kama mtu aliyeibiwa saa yake. Hata hivyo, kubwa zaidi lilinifika masikioni. Nilipoita majina ya watoto wakawa wananisahihisha, na katika majina yale nikaisikia ain, ain ile ya kooni ambayo chuoni kwetu tulichapwa kwa kushindwa kuitoa. Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za Kikushi. Ain na ha nzito zimo humo kwa asili. Watoto wale walizitamka bila taabu, hali wengi wao hawajapata kufungua msahafu. Nikatambua kuwa Kiswahili changu, ninachojivunia, kwao ni lugha ya pili, na Kiingereza nilichowaletea ni ya tatu.

Skuli ilikuwa na sheria yake: ukishaingia getini, Kiswahili hakisemwi, wala lugha ya nyumbani. Anayekosea huvishwa shingoni kibao chenye uzi, akae nacho mpaka amnase mwenziwe aliyekosea kama yeye.

Wiki ya kwanza, darasa la pili, somo lilikuwa vyakula. Magugu, maarufu kwa mchele wake, haiko mbali na hapo, hivyo nikaona nianze na kitu wanachokijua. Nikachora ubaoni mmea wa mpunga, nikatamka: rice. Nikachora gunia la mchele: rice. Nikachora sahani ya wali unaofuka moshi: rice. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyanyua mkono.

"Mwalimu," akauliza kwa Kiswahili, "Mzungu akimtuma mwanawe alete rice, mtoto anajuaje kama aende shambani, dukani au jikoni?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lilikuwa swali ambalo mfasiri hukesha nalo. Kisha nikageuka, nikamwona mwalimu wa zamu mlangoni ananitazama. Kibao kilikuwa juu ya meza yangu. Nilikuwa mgeni, na mshahara nilikuwa nauhitaji. Nikakichukua, nikamvisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Kulipokucha nilikwenda kwa mwalimu mkuu, mtu mpole, mdogo wangu kwa umri, nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, nakuelewa," akasema. "Lakini mtoto huyu akimaliza shule ya msingi, sekondari atafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani ataufanya kwa Kiingereza. Nimewaona waliokaa kimya miaka minne nyuma ya darasa, si kwa kukosa akili. Wazazi hawa wameuza ng'ombe ili wanao wasifikwe na hayo."

Sikuwa na jibu, kwani alisema kweli. Nilichoweza kumwambia ni kile nilichojifunza katika kazi yangu. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikachapwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Kazi kama ile haifanywi na mtu aliyefungwa ulimi mmoja ili wa pili ukue. Hufanywa na mwenye kuziuliza lugha zote mbili, hii ikamjibu na ile ikambishia. Swali la mpunga, mchele na wali ndio mlango wenyewe wa kuingilia Kiingereza, nami nilikuwa nimeufunga kwa uzi na kipande cha ubao.

Tulikubaliana jambo dogo. Katika somo langu kibao hakitaingia. Mtoto ataruhusiwa kuuliza kwa lugha yoyote, kisha swali tutalivisha Kiingereza pamoja, polepole. Nje ya mlango wangu sheria ikabaki kama ilivyokuwa.

Sasa watoto huuliza, wengine hata kupita kiasi. Yule msichana anaendelea vyema. Maneno huyaandika bila kosa, na akiulizwa hujibu kwa Kiingereza safi. Lakini swali jingine hajauliza. Kila nikimaliza kufundisha husema, "Kuuliza si ujinga," nikangoja kidogo, nikitazama upande wa dirishani. Yeye huwa ameinamia daftari lake.